Je, filamu za zamani ziliheshimu historia kuliko za siku hizi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Baba yangu amekusanya filamu nyingi za kihistoria za miaka ya 1950 na 1960, na kila tukikaa kuzitazama ubishi unazuka. Yeye anasema zamani watu walifanya utafiti, siku hizi ni kompyuta na uongo mtupu. Mimi nikimwona binti wa karne nyingine amepakwa wanja kama mrembo wa jalada la gazeti, nacheka. Juzi tumegombana juu ya Ben-Hur: nimemwambia kuna mwendesha gari la farasi aliyevaa saa ya mkononi, akakataa katakata, tukawekeana dau. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, makosa haya yana uzito wowote, au tunasumbuana bure?"

Marahaba, mwanangu. Dau la saa nitalitolea hukumu mwishoni, maana nikianza nalo mmoja wenu ataacha kusoma.

Mzee wako kuna kitu anakiona kweli, ila amekipa jina lisilo lake. Filamu za wakati ule zina uzito. Sergei Bondarchuk alipotengeneza Waterloo, filamu ya vita vya mwisho vya Napoleon iliyotoka mwaka 1970, jeshi la Kisovieti lilimpa askari wapatao 15,000, wakavalishwa sare za 1815 na kufundishwa kujipanga vikosi vya mraba kama vya enzi zile. Ukivitazama kutoka juu, farasi wakivizunguka kama maji yanavyozunguka mawe, unajua kabisa kwamba kila nukta pale chini ni mtu na kila moshi unamwingia mtu machoni. Tena wengi waliotengeneza filamu za vita katika miaka ya 1950 walikuwa wametoka vitani juzijuzi. Walijua jinsi askari aliyechoka anavyojitupa chini, anavyoangalia buti zake. Mzee akiyaona hayo anasema, "Huu ndio ukweli." Mimi nasema ni uzito, na uzito humshawishi mtazamaji haraka kuliko ukweli. Kwa sababu hiyo filamu hizo zinataka jicho kali zaidi kuliko hizi za kompyuta, ambazo mtu anaanza kuzishuku tangu dakika ya kwanza.

Wewe nawe, kwa kuushikilia wanja, umekamata mkia ukadhani ni tembo. Uso na nywele za mwigizaji mkuu karibu siku zote ni za mwaka wa kupiga picha. Doctor Zhivago ya 1965 inasimulia Urusi ya vita na mapinduzi ya 1917, lakini macho ya Julie Christie ni ya 1965 kabisa. Wala si ujinga. Studio iliuza tikiti kwa sura, na sura ilibidi impendeze mtazamaji wa siku ile kwa kipimo cha siku ile. Urembo halisi wa karne nyingine pengine ungemchekesha. Kosa hilo halimwonei mtu. Kwangu mimi lina faida: nikikuta filamu nisiyojua tarehe yake, natazama nyusi za mwanamke na mkato wa nywele za mwanamume, nakadiria muongo, na mara nyingi napatia.

Yapo mengine yanayofanana na hayo ambayo hayakutokana na uzembe. Kuanzia 1934 hadi 1968 studio za Marekani zilijifunga kwa Kanuni ya Hays, iliyoamua nini kionekane na nini kisionekane, na kwa miaka mingi ilikataza kuonyesha mahusiano ya kimapenzi kati ya weupe na weusi. Kwa hiyo ukiona filamu ya mashamba ya Kusini mwa Marekani, mabwana na watumwa wameishi pamoja vizazi kadhaa na hakuna chotara hata mmoja uwanjani, usidhani mtafiti alisahau.

Nimefundisha historia miaka mingi, na mara kadhaa nimeitwa kusoma miswada ya tamthilia kabla ya kupigwa picha. Kazi hiyo ina mchezo wake. Nikisema gauni hili mwaka huo lilikuwa halijashonwa bado, gauni linabadilishwa siku hiyohiyo. Nikisema mtu huyu hakufanya jambo hili, naambiwa ahsante sana mwalimu, na ukurasa unafunuliwa. Vifungo ni rahisi kuvirekebisha. Kisa kikiguswa, fedha na mastaa vinatikisika.

Ndiyo maana mimi hupima kosa kwa kile linachokiharibu. Chukua Battle of the Bulge ya 1965, inayohusu mashambulizi ya Wajerumani katika misitu ya Ardennes, upande wa Ubelgiji, Desemba 1944. Ilipigwa picha Hispania, na vifaru vinavyoitwa vya Kijerumani ni M47 vya Kimarekani vilivyotoka jeshi la Hispania. Wapenzi wa vifaru hawajasamehe hadi leo. Mimi nilishasamehe: mwaka 1965, vifaru halisi vya Kijerumani aina ya Tiger, vizima na vinavyotembea, ungevipata wapi kwa makumi? Kinachonikera ni ule uwanda mkavu, mweupe kwa vumbi, ambako vifaru vinapambana mwishoni. Katika vita vyenyewe msitu, theluji na ukungu ndivyo vilivyoamua mambo. Viliwaficha Wajerumani, vikazifunga ndege za Washirika chini kwa siku za mwanzo, vikavibana vifaru kwenye barabara chache. Mji mdogo wa Bastogne ulimwagiwa damu kwa sababu barabara zilikutana pale. Ondoa miti na hali ya hewa, hutaelewa tena kwa nini mtu yeyote alikuwa anaelekea popote.

Kuna makosa ambayo sinema haikuyabuni bali iliyarithi, kisha ikayatoa nje yakiwa na nguvu mpya. Ile saluti ya Kirumi ya kunyoosha mkono mbele, hakuna andiko la Kirumi linaloieleza. Tunaijua kutokana na mchoro wa Jacques-Louis David wa mwaka 1784, unaoonyesha ndugu watatu wakila kiapo. Majukwaa ya maigizo yakaichukua, sinema bubu ikaichukua, na katika Cabiria, filamu ya Kiitaliano ya 1914, imejaa tele. Maandishi ya skrini ya Cabiria yalibeba jina la mshairi Gabriele D'Annunzio. Miaka 5 baadaye mshairi huyohuyo aliuteka mji wa Fiume, na wafuasi wake walisalimiana hivyohivyo. Mafashisti wa Mussolini wakaiga, Wanazi wakafuata.

Marekani nako ilikuwa vilevile, tena vibaya zaidi. Ku Klux Klan ya kwanza, lile kundi la wazungu wabaguzi lililozuka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, haikuwa na desturi ya kuchoma misalaba. Msalaba wa moto ulitoka katika riwaya ya Thomas Dixon ya 1905, ukaingia katika filamu The Birth of a Nation ya D. W. Griffith mwaka 1915, na Novemba ya mwaka huohuo William Simmons akalifufua kundi juu ya mlima wa Stone Mountain, Georgia, kwa kuwasha msalaba. Umeniuliza kama makosa ya filamu yana uzito. Waliokuja kuwashiwa misalaba mbele ya nyumba zao wangekujibu vizuri kuliko mimi.

Lakini filamu ninayotaka muitazame upya wewe na mzee ni The Bridge on the River Kwai ya 1957. Nina hakika anayo. Ina uzito kuliko zote: daraja lilijengwa kweli, kwa magogo, huko Sri Lanka, na likalipuliwa kweli na treni ikiwa juu yake. Alec Guinness anaigiza Kanali Nicholson, mfungwa wa Kiingereza ambaye kwa kiburi cha kazi nzuri anawajengea Wajapani daraja bora kuliko wanaloweza kulijenga wenyewe. Ni uigizaji wa ajabu. Nimeiona mara nyingi na bado pale mwisho moyo unanipiga.

Sasa upande wa pili. Afisa wa Kiingereza aliyewasimamia wafungwa kwenye madaraja yale, Luteni Kanali Philip Toosey, alifanya kinyume. Alijitahidi kuwalinda watu wake wasife huku kazi ikicheleweshwa kadiri ilivyowezekana. Wafungwa walikusanya mchwa na kuwatia kwenye mbao, wakaharibu zege kwa makusudi. Waliorudi hai waliumia kumwona kiongozi wao amegeuzwa msaliti asiyejijua. Daraja halikulipuliwa na makomando siku ya treni ya kwanza. Yalikuwa madaraja mawili, la mbao na la chuma, yakatumika karibu miaka miwili hadi ndege za Washirika zilipoyapiga mwaka 1945.

Hata hayo ningeyameza, kwa kuwa Nicholson ni mtu wa kubuni na riwaya ya Pierre Boulle, iliyozaa filamu hii, haikudai vinginevyo. Kinachonikaa kooni ni kingine. Reli ile kati ya Thailand na Burma ilikuwa na urefu wa kilomita 415. Ilizika wafungwa wa Washirika zaidi ya 12,000, na kwa makadirio ya kawaida ilizika vibarua wa Kiasia wapatao 90,000: Watamil na Wamalay kutoka Malaya, Waburma, Wajava. Tazama filamu nzima uwatafute. Kwa kila Mzungu aliyekufa pale walikufa Waasia kama saba, na skrini haina nafasi yao. Mchwa na zege unaweza kuvisoma kitabuni kesho. Ila mtu ambaye hukuwahi kumwona, huwezi hata kukumbuka kumuuliza.

Kuna mambo mawili ya kando ambayo siwezi kuyaacha. Madaraja yale hayakuwa juu ya mto Kwai bali juu ya Mae Klong. Watalii walipoanza kufika wakiulizia mto wa sinema, mwaka 1960 kipande kile cha mto kilipewa jina la Khwae Yai, na ubishi ukaisha. La pili: tuzo ya Oscar ya uandishi wa filamu hiyo ilikwenda kwa Boulle, Mfaransa ambaye hakuandika Kiingereza. Waandishi halisi, Carl Foreman na Michael Wilson, walikuwa wamepigwa marufuku Hollywood kwa kushukiwa ukomunisti. Walirudishiwa haki yao mwaka 1984, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa. Hata orodha ya majina ilikuwa na uongo.

Zulu ya 1964 ni ndugu yake. Inahusu mapigano ya Rorke's Drift, huko Afrika Kusini, Januari 22 na 23, 1879, Waingereza kama 150 dhidi ya Wazulu kati ya 3,000 na 4,000. Inawapa Wazulu heshima ambayo filamu nyingi za wakati ule ziliwanyima, na mfalme Cetshwayo anaigizwa na kitukuu wake mwenyewe, Mangosuthu Buthelezi. Uimbaji wa Kiwelisi kabla ya shambulio la mwisho haukuwapo. Kikosi kile kilikuwa bado kinaitwa cha Warwickshire, jina la Wales lilikuja 1881. Hilo ni chumvi ya chakula, lipite. Ila askari Henry Hook, anayeonyeshwa kama mlevi mvivu aliyejificha hospitalini, alikuwa mtu asiyegusa pombe, na alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, kwa kuipigania hospitali hiyo. Binti zake, wazee tayari, walitoka ukumbini siku ya uzinduzi.

Na ule mwisho mzuri, Wazulu wakirudi kilimani kuwasalimia mashujaa wenzao kwa wimbo: haukutokea. Waliondoka; kikosi cha Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, kikafika asubuhi ile; na majeruhi wa Kizulu waliobaki uwanjani wakauawa. Unaona kazi ya saluti ile? Taifa lililovamiwa siku 11 kabla ndilo linalompa mvamizi cheti cha ushujaa, ili mtazamaji aende nyumbani ametulia.

Kwenye televisheni mambo yalikuwa mabaya kwa mavazi na wakati mwingine mazuri kwa kisa. Roots, tamthilia ya utumwa, ilioneshwa Marekani usiku 8 mfululizo, Januari 1977, na kipindi cha mwisho kinakadiriwa kutazamwa na watu milioni 100. Kunta Kinte, kijana wa Gambia, anakimbizwa porini na wawindaji wenye nyavu, wazungu wakiwaongoza. Mwaka 1767 wafanyabiashara wa kizungu kwa kawaida hawakuingia porini. Walingoja mtoni na pwani, wakanunua watu waliotekwa katika vita na uvamizi wa Waafrika kwa Waafrika. Juffure yenyewe, kijiji cha Kunta, ilikuwa karibu na ngome ya Waingereza ya mto Gambia, haikuwa kijiji kisichowahi kuwasikia. Silipendi kosa hilo, kwa sababu linaficha soko: madeni, bunduki, machifu waliopata faida. Lakini linganisha na Gone with the Wind ya 1939. Pale aliajiriwa Wilbur Kurtz, mwanahistoria wa Atlanta, ili majengo na vitu viwe sawasawa, na watumwa wenyewe wakaonyeshwa kama watu wa nyumbani wenye furaha. Ukiniuliza ipi iko karibu zaidi na utumwa, ile yenye nyavu au ile yenye magauni yaliyofanyiwa utafiti, sitafikiri mara mbili.

Shaka Zulu ya 1986 ilitengenezwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi. Henry Cele aliigiza kiasi kwamba kwa wengi uso wake ndio uso wa Shaka. Tatizo ni msimulizi. Kisa kinapitia macho ya Henry Francis Fynn, mfanyabiashara wa Kiingereza ambaye shajara yake ilichapishwa kitabu mwaka 1950, na ambaye mwenzake Nathaniel Isaacs alimwandikia mwaka 1832 akimshauri awachore wafalme wa Kizulu kuwa wamwagaji damu kadiri awezavyo. Barua hiyo ipo. Shahidi akishashauriwa hivyo, ushahidi wake wote hupokelewa kwa vidole viwili.

Utaniuliza, hakuna sheria? Ipo, ila ni ya walio hai. Mwaka 1934 Princess Irina Yusupov wa Urusi aliishtaki studio ya MGM mjini London kwa sababu ya filamu Rasputin and the Empress, ambamo binti wa kifalme aliyefanana naye anaonyeshwa akiharibiwa na Rasputin. Alipata paundi 25,000, na tangu hapo studio zikazoea kuandika kwamba wahusika ni wa kubuni na kufanana na mtu yeyote ni bahati tu. Henry Hook alikuwa marehemu. Binti zake wangeweza kutoka ukumbini, basi. Fanani wetu alikuwa na adabu kuliko studio. Kabla hajaanza anaita, na wasikilizaji wanaitika: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Ruhusa imeombwa, imetolewa. Sinema inaanza kwa kusema kisa hiki ni cha kweli, na uongo unaingia bila kubisha hodi.

Wapo waliojaribu kwa dhati. Tora! Tora! Tora! ya 1970, juu ya shambulio la Wajapani dhidi ya kambi ya Wamarekani ya Pearl Harbor, iliwaachia Wajapani waongoze sehemu yao wenyewe. Ikapendwa Japani na kuwachosha Wamarekani. Ila ya kumpelekea mzee ni The Battle of Algiers ya 1966, juu ya vita vya uhuru wa Algeria dhidi ya Wafaransa. Ilipigwa picha ndani ya Casbah yenyewe, mtaa wa kale wa mji wa Algiers, miaka michache tu baada ya mapigano, na Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa wapigania uhuru wa FLN mjini humo, anaigiza mtu anayefanana naye. Picha zake zinafanana na habari za kweli hata wasambazaji wa Marekani walilazimika kutangaza kwamba hakuna kipande cha habari kilichotumika. Inaonyesha mateso ya Wafaransa, na inaonyesha pia mabomu waliyoyaweka wanawake wa FLN kwenye mikahawa, na sura za watu walioketi mle kabla hayajalipuka. Yacef alikuwa na kila sababu ya kuzikata sura hizo. Zimo.

Sasa dau. Ben-Hur ya 1959: hakuna saa. Uvumi huo ni wa miaka mingi, na Charlton Heston mwenyewe aliukanusha. Mikononi alikuwa amefunga ngozi karibu na viwiko, ambayo kwenye nakala chafu unaweza kuiona chochote unachotaka. Wala hakuna aliyekufa katika mbio zile za magari, kama uliwahi kusikia hilo nalo. Mlipe mzee wako. Kisha, kabla hajazima televisheni, mwekeane jingine: muulize wale wapiga makasia waliofungwa minyororo ni wa jeshi la majini la Roma kweli, au ni wa Mediterania ya karne ya 16. Roma kwa kawaida iliajiri watu huru. Hilo utalishinda.